Muulize Shangazi: Daftari la kikoba, baba anayemuulizia marehemu, na barua nyingine

Barua za mwezi huu nyingi zimeandikwa usiku. Wenyewe wanasema: watoto wamelala, ndipo nimepata nafasi ya kukuandikia. Nimechagua nne. Kwa miaka mingi nilikaa kwenye baraza la kata hapa Tanga, na barua nazisoma kama nilivyokuwa nikisikiliza mashauri kule: kabla ya kumjibu aliye mbele yangu, namtafuta yule ambaye hayupo, anayesemwa. Huyo naye ana haki yake. Majina nimeyaondoa, na mahali pengine nimegeuza habari kidogo ili mtu asitambulikane mtaani kwake.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtunza kumbukumbu wa kikoba chetu cha akina mama 26, hapa Morogoro. Tunakutana kila Jumamosi jioni, hisa ni shilingi 5,000, na kila mmoja anatoa 1,000 ya mfuko wa jamii. Mwezi wa nane mwenyekiti wetu alichukua shilingi 480,000 za mfuko wa jamii bila kikao kujua. Mtunza sanduku ni mdogo wake. Ufunguo mmoja mwenyekiti aliachiwa na mwenzetu aliyesafiri kwenda msibani Kilosa, wa pili anao shoga yake, wa tatu ninao mimi. Aliniomba nikampa, nikidhani anataka kuangalia daftari. Mtoto wake alikuwa amelazwa na mumewe alikuwa amepunguzwa kazini. Mwezi ujao tunavunja kikoba, kila mtu achukue mgao wake. Juzi usiku amekuja kwangu, amelia, anataka niandike kwamba ule ulikuwa mkopo na niweke tarehe ya Agosti. Huyu ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa, na usiku niliposhikwa na uchungu ndiye aliyenipeleka hospitali. Nikikataa nimemwaibisha. Nifanye nini? — Mtunza kumbukumbu, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usiandike. Naanza na hilo ili usisome jibu lote ukingoja nikupe njia ya kando.

Daftari lile si lako wala la mwenyekiti. Ni la wanawake 26, na baadhi yao nina hakika kusoma kunawapa tabu. Wanakaa pale Jumamosi wakikusikiliza unataja tarakimu, na wanaitikia kwa sababu anayesoma ni wewe. Siku utakapoandika Agosti kwa kalamu ya Novemba, kila tarakimu uliyowahi kuwasomea itaingia shaka, hata zile zilizo sawa. Barazani kwetu kililetwa kikundi kimoja na kaunta buku yao, ina mstari mmoja uliokwanguliwa kwa wembe. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, na mhusika alikwisha kuirudisha. Lakini wale akina mama walikuwa wanalinyanyua daftari kwenye mwanga wa dirisha, wanapitisha kidole pale karatasi ilipobaki nyembamba, kisha wanafunua kurasa nyingine, moja moja, kutafuta palipokwanguliwa tena. Hawakupata kitu. Kikundi kilivunjika hata hivyo, na hakikuanzishwa upya.

Sasa funguo. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu kwa sababu moja: asiwepo mtu hata mmoja, awe mwema namna gani, anayeweza kulifungua peke yake. Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana tuliupokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutoka kwa vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanza mwaka 1991, na wanawake wale waliujenga juu ya kutotegemea uso wa mtu. Anayeandika hashiki ufunguo, na anayeshika ufunguo haandiki. Kwenu wewe unashika vyote viwili, mdogo mtu analala na sanduku, na funguo zinaazimwa kama kiberiti. Jambo hili limepita mikononi mwa watu kadhaa, nawe umo. Silisemi kukuumiza. Nalisema kwa kuwa linabadilisha namna utakavyokwenda kuongea naye: unakwenda kama mtu aliye na fungu lake katika kosa, hukwendi kama hakimu.

Namfikiria sana huyo mwenyekiti wenu. Mfuko wa jamii uliwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye hasa: mgonjwa, msiba, nyumba iliyoungua. Jumamosi ile angesimama akasema mwanangu amelazwa na baba yake hana kazi, angepewa. Pengine asingepewa laki nne na themanini, lakini angepewa, na wenzake wangekwenda wodini na chupa ya uji. Hakusimama. Mwenyekiti ndiye anayewaambia wengine marejesho yenu yamechelewa, ndiye anayetamka faini, na mtu wa namna hiyo huona uzito kuliko wote kunyanyua mkono wake na kusema nimekwama. Akachukua kwa siri kitu ambacho angeweza kupewa mchana kweupe. Ni kosa, na naelewa lilivyotokea. Yote mawili umwambie.

Nenda kwake wewe, usimwite kwako. Nenda mchana, mumewe asiwepo, simu uiache nyumbani. Mwambie hivi kwa maneno yako: "Dada, sitaandika. Wema wako siusahau, na sitaandika. Jumamosi nataka uliseme mwenyewe kikaoni, na ukimaliza tu nitasimama niseme kwamba ufunguo nilikupa mimi." Kisha nyamaza. Atakasirika. Atakukumbusha ule usiku wa uchungu. Mkubalie, ni kweli alifanya hivyo. Usiingie kwenye mashindano ya nani alimtendea nani mema zaidi. Na umpe kikao kimoja tu, visiwe viwili, kwa sababu mtoto aliyelazwa na mfuko uliopungua haviwezi kukaa mtaa mmoja muda mrefu bila watu kuanza kuunganisha.

Akilisema mwenyewe, deni liandikwe kwa tarehe ya siku hiyo, na maelezo yaandikwe kama yalivyo. Faini itamkwe na katiba yenu, isitamkwe na hasira za mtu. Likatwe kwenye hisa zake siku ya mgao, au apangiwe miezi ya kulipa. Mimi ningemshauri aachie uenyekiti kwa hiari mpaka amalize deni. Aliyeachia mwenyewe mnaweza kumchagua tena mwakani, aliyevuliwa mbele za watu harudi. Sanduku lihamie kwa mtu asiye ndugu wa kiongozi yeyote, na ufunguo wako uukabidhi siku hiyo hiyo.

Akikataa, utalisema wewe, daftari likiwa wazi, kwa tarakimu tu. Habari za mumewe kupunguzwa kazini na machozi ya usiku ule si za kikao. Alikupa wewe, zibaki kwako. Wakianza kutupiana maneno, mwiteni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Tangu ipite Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chenu vinatambulika kama daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri, hivyo katiba yenu ina mahali pa kusimamia hata nje ya uwanja wenu wa mikutano.

Huenda akakununia mwaka mzima. Msalimie kila asubuhi.

Habari Shangazi. Mimi ni dereva wa bodaboda, Mwanza. Juzi imeingia meseji ya shilingi 185,000 kwenye simu yangu kutoka kwa mtu nisiyemjua. Baadaye kidogo akapiga mama mmoja analia, anasema ni ada ya mtoto, kakosea namba, nimrudishie, ila nitume kwenye namba nyingine kwa sababu laini yake ina shida. Kijiweni wengine wanasema hiyo ni riziki yako, kula. Wengine wanasema ni matapeli, potezea. Mimi sijalala vizuri. — Boda, Mwanza

Kijana wangu, kukosa kwako usingizi kumenifurahisha. Hela hiyo ina mwenyewe, na wanaokuambia ni riziki hawatakuwepo siku itakapodaiwa.

Ila usitume kwenye namba hiyo nyingine. Kwanza fungua menyu ya simu uangalie salio lako kwa namba yako ya siri, usiamini meseji. Meseji za kutengeneza zipo, zinafanana na za kampuni hadi nukta. Kama salio halijaongezeka, hakuna deni. Meseji hiyo ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripotia utapeli. Kama kweli zimo, piga 100 huduma kwa wateja, waambie zimeingia kimakosa na unataka zirudishwe zilikotoka. Wao ndio wazirudishe kwa aliyetuma. Sababu ni hii: mwizi anaweza kuwa ametumia hela za mtu mwingine, wewe ukatuma kwa mwizi kwa moyo safi, kisha mwenye hela halisi akaenda kudai na salio lako likakatwa. Hapo utakuwa umelipa mara mbili kwa ajili ya wema wako, na mwenye ada bado analia.

Mama huyo mpigie umwambie: "Mama, hela zako zipo, sitazigusa, piga 100 sasa hivi na mimi napiga." Kama ni mkweli atashusha pumzi. Kama ni tapeli atakutukana na kukata simu, na hutapungukiwa na kitu. Usimkate hela ya mafuta wala usimwombe ya soda. Akikupa mwenyewe baadaye, pokea na umshukuru.

Shangazi, shikamoo. Ninaandika kutoka Kisauni, Mombasa. Babangu ana miaka 78, alifanya kazi ya kuli bandarini Kilindini hadi akastaafu. Sasa amesahau mengi. Saa kumi na moja alfajiri anaamka, anavaa shati lake la kazi, anasimama mlangoni akiuliza kitambulisho chake cha bandarini. Kisha anamwita mamangu, aliyefariki mwaka wa 2019. Nikimwambia mama alifariki, analia kama ameambiwa leo. Kesho asubuhi ni vile vile. Ndugu yangu aliyeko Doha anatuambia kwa simu tusimdanganye baba, kwamba ni dhambi. Jamaa mmoja wa upande wa baba anasema amechezewa, tumpeleke kwa mganga. Mke wangu amechoka na mimi nimechoka. Je, nimwambie uongo? — Mwana, Kisauni

Marahaba mwanangu, na pole sana. Na pole kwa mkeo, ambaye umemtaja kwa maneno matatu tu. Nitamrudia.

Mpelekeni hospitali, kwa mganga hapana. Kusahau kwa namna hii ni maradhi ya ubongo. Madaktari wanayaita dimensia. Aina inayowapata wengi zaidi inaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyeyaeleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na wengi wao wako katika nchi za kipato kama chetu. Kwa hiyo si kweli kwamba ni uzee tu, maana wako wazee wa miaka 90 wanaokumbuka hadi majina ya wajukuu wa jirani. Na kuna mambo yanayomfanya mzee achanganyikiwe ambayo yanatibika: tezi ya shingo kutofanya kazi sawasawa, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya njia ya mkojo, dawa zinazogongana mwilini, huzuni nzito ya sonona baada ya kufiwa. Apimwe damu na mkojo, na dawa zake zote mziweke kwenye mfuko mwende nazo, daktari azione moja moja. Muulizeni pia kama anasikia vizuri. Mzee asiyesikia hujibu visivyo, na watu husema amerukwa na akili.

Kuhusu hilo neno "amechezewa", nakusihi lisitamkwe nyumbani kwako. Wewe ni mtu wa pwani, unajua yaliyowapata wazee Kilifi, wengine wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Huanza na jamaa anayesema mzee amechezewa. Siku ya pili anaulizwa nani amemchezea, na kidole kinamwendea mzee mwingine, mara nyingi mjane asiye na mtu wa kumtetea.

Sasa swali lako lenyewe. Baba yako ukweli alishaambiwa. Mwaka 2019 alikuwepo, alimswalia mkewe, akamzika, akakaa matangani akipokea mikono ya pole. Hakuna aliyemficha. Kilichoharibika ni pale mahali ndani ya kichwa ambapo habari hukaa. Ukimwambia kila alfajiri kwamba mama amefariki, humwongezei ujuzi. Baada ya muda mfupi habari imeshapotea na majonzi yamebaki, anashinda nayo kutwa bila kujua yametoka wapi. Nililiona hili kwa bibi mmoja jirani yetu Makorora. Wajukuu walikuwa wakimsahihisha asubuhi, kwa adabu kabisa, na mchana ungemkuta barazani amejiinamia, ukimuuliza bibi una nini, anajibu sijui, moyo mzito tu.

Lakini uongo pia sikushauri. Ukisema mama yuko sokoni, atakaa mlangoni kumngoja, na jioni atakuwa na hofu kwa nini hajarudi. Utatunga uongo wa pili, na wa tatu. Mimi ningemwitikia kile anachokitafuta. Mtu anayemwita mkewe saa kumi na moja alfajiri anataka nini? Pengine ana njaa, maana mkewe ndiye aliyekuwa akimwekea chai kabla ya zamu. Pengine amezinduka gizani hajui alipo. Mwashie taa. Mpe chai. Kaa naye umuulize: "Baba, mama alikuwa akipika nini siku ya Idi?" Mwache aseme. Utasikia mambo ambayo hukuwahi kuyasikia kuhusu mama yako, na hutakuwa umesema uongo hata neno moja.

Na itakuja asubuhi moja atakayokutazama usoni na kukuuliza, "Mama yako amekufa, sivyo?" Hapo usimzungushe. Mwambie ndiyo baba, Mungu amrehemu, mshike mkono, msomee pamoja naye Fatiha. Siku hiyo ameuliza kweli, na ana haki ya kujibiwa kweli.

Shati la kazi msimvue, na msibishane naye kuhusu kustaafu. Anywe chai, kisha toka naye mpaka kwenye kona, mtembee, mrudi kukishakucha. Halafu mpe kazi. Mikono hushikilia mambo muda mrefu baada ya kichwa kuyaachia. Nunua kamba ya katani, hizi zetu za Tanga zinafika mpaka huko, umpe afunge mafundo ya mizigo. Mwambie akufundishe fundo la kuinulia magunia. Utashangaa: mtu ambaye hajui leo ni siku gani atakuonyesha kidole kinapita wapi, na atakukaripia ukikosea, nawe upokee karipio hilo kama zamani. Akimaliza, fungua mafundo yote, na kesho afunge tena.

Komeo la mlango liwekeni juu, asipozoea kupatafuta. Namba yako ya simu ishoneni ndani ya shati. Mwambie mwenye duka na vijana wa bodaboda pale kituoni: mkimwona baba anakwenda peke yake, msimkamate kwa nguvu, mumsalimie na mnipigie. Kuwaambia majirani hakumvunjii mzee heshima. Kinachomvunjia heshima ni kukutwa feri Likoni amechanganyikiwa na hakuna anayejua ni baba wa nani.

Ndugu yako wa Doha namwelewa. Aliye mbali hubaki na baba yule aliyeagana naye, mwenye akili zake timamu, na ndiye anayetaka asidanganywe. Msigombane. Saa za Doha na Mombasa ni zile zile, basi mpigie simu ya video saa kumi na moja alfajiri, baba akiwa mlangoni, umwombe yeye ndiye amwambie kwamba mama amefariki. Sidhani kama atataka kulirudia kesho yake. Na likizo yake ijayo msiiache ipite kwa kutembelea jamaa. Ashike zamu za usiku, wewe na mkeo mlale. Fedha anayotuma ni msaada mkubwa, lakini fedha hailindi mlango.

Nimemrudia mkeo. Hukusema nani anamwogesha mzee na kumbadilisha nguo usiku. Nahisi ni yeye, na kama ni yeye, acheni. Mwogeshe wewe, mwanawe wa kiume. Mzee anaweza kusahau jina la mtoto wake na bado asisahau kuona haya. Ukiona anapigana akivuliwa nguo na mkwewe, huo si ukali wa maradhi, ni heshima yake aliyolelewa nayo inajitetea. Na mkeo ana siku yake ya kwenda kwao kila wiki, nzima, bila kupigiwa simu kuulizwa dawa iko wapi. Mpangieni kabla hajaomba.

Shangazi, mwanangu wa kiume amepata sifuri kidato cha nne. Baba yake ni mwalimu wa sekondari, na tangu matokeo yatoke hajamsemesha. Anapita naye ukumbini kama hakumwona. Kijana amejifungia, chakula nampelekea chumbani. Mimi niko katikati, huyu mume, yule mwana. Nimwambie nini baba yake? — Mama, Dodoma

Mama mwenzangu, mumeo ana aibu mbili, ya nyumbani na ya chumba cha walimu, na inawezekana ile ya pili ndiyo nzito. Asubuhi anasimama mbele ya watoto wa watu, na wenzake wote wameshaona matokeo. Ukianza kwa kumlaumu atazidi kunyamaza. Anza kwa kumuuliza siku ile kazini ilikuwaje. Nina wasiwasi hakuna aliyemuuliza.

Kisha mkumbushe anachokijua kuliko mimi na wewe. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Watoto wale leo ni watu wa miaka 30 na kitu. Mumeo alisomesha baadhi yao au anawajua. Amwambie kijana wake habari zao, za waliorudia na za walioshika njia nyingine, kwa majina, maana yeye ni mwalimu na majina anayo.

Kumkubali mtoto na matokeo yake si kumwambia hakuna kilichotokea. Kimetokea, na akae na wazazi wake wote wawili wakitafute kilichosababisha: hesabu aliziacha tangu kidato cha pili? Haoni ubao? Alikuwa anakwenda shule kweli? Waulize kama watu wanaotaka kujua. Baada ya hapo njia zipo. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda VETA, ambao wapo kwa sheria tangu mwaka 1994 na fani zao nyingi hazidai ufaulu wa kidato cha nne: umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari, ushonaji, useremala. Baba yake ndiye aende naye kuulizia, asitume mtu.

Chakula usikipeleke tena chumbani. Pakua mezani, umwite kwa jina lake, baba yake akiwa amekaa. Siku ya kwanza watakula kimya, na kimya cha watu watatu ni afadhali kuliko cha mtu mmoja nyuma ya mlango. Ukiona siku zinapita naye halali, hali, anasema maneno ya kujichoka, usingoje baba yake alainike. Mpeleke kituo cha afya umweleze mhudumu waziwazi.

Niandikie tena baada ya hapo. Barua yako yote imenieleza baba anavyojisikia na wewe unavyojisikia, lakini haikuniambia kijana mwenyewe anapenda kufanya nini. Muulize, kisha unijulishe.